Simba wa Narnia naye akatolewa: kisa cha boksi la vitabu Dodoma

Kisa ni cha shule moja ya msingi ya kulipia hapa Dodoma, jina niliache. Mwalimu wa Kiingereza, kijana tu, alianzisha klabu ya kusoma kwa darasa la sita na la saba, vitabu akavipata kwa mzazi mmoja mtumishi wa wizara ambaye watoto wake washakua wako chuo. Likaja boksi. Ndani kuna Harry Potter, hadithi za mvulana anayeitwa kusoma kwenye shule ya uchawi, vile vitatu vya mwanzo, kitabu cha Narnia kile cha simba, na vingine vya hadithi za wanyama za Kiswahili ambavyo wala havikuguswa sana. Watoto wakavamia Harry Potter mpaka wakawa wanawekeana foleni.

Halafu mtoto mmoja akarudi nyumbani na kijiti cha mwarobaini, anamwelekezea mdogo wake huku anatamka maneno yasiyoeleweka, na bibi yao alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akaona. Bibi hakupiga kelele, alimwita tu mama mtu jikoni akamuuliza huyu mtoto hayo mambo kafundishwa na nani. Mama akapiga picha jalada, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la wazazi saa nne usiku na maneno ya chini yake, "hivi hiki ndo tunacholipia ada?" Kufika asubuhi meseji hazihesabiki.

Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi, kwa hiyo kikao kilichofuata nilikiandika mwanzo mwisho, na nakichambua hapa maana wengi waliosimuliwa wanasema tu "walokole walikataa kitabu" basi stori imeisha. Wangekuwepo wangeona kila aliyesimama alikuwa anakisoma kitabu chake mwenyewe ingawa jalada ni moja, na uamuzi uliotoka mwishoni haukugusa kilichoandikwa ndani hata kidogo, uliangalia nani amekidhamini.

Hali ilivyokuwa kwanza. Dodoma ya sasa sio ile ya zamani ya Wagogo na Warangi na wafanyabiashara wachache wa mjini. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku watumishi wamekuja kutoka kila kona, darasa moja unakuta mtoto wa Kigoma, wa Tanga, wa Pemba, wa Shinyanga, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wasabato, walokole, Waislamu. Na Watanzania tuna adabu yetu kwenye hili, sensa ya mwisho kuuliza watu dini ilikuwa ya 1967, na shuleni ikifika kipindi cha dini Wakristo wanabaki chumba hiki Waislamu wanaenda kile, kila mtu na lake, maisha yanaendelea. Hiyo adabu inafanya kazi vizuri tu mpaka kitokee kitu ambacho ni cha wote kwa pamoja, na kitabu cha klabu ni cha wote.

Kuna na hili la Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, hoja ikiwa maadili. Harry Potter havikuwemo, wala Narnia. Lakini toka hapo wenye shule binafsi wanaliogopa boksi lolote la vitabu vya nje, wanajua picha ikishasambaa utaulizwa kwanza halafu ndo utajieleza. Mkuu wa shule alikuja kwenye kikao ameshakata tamaa, ilionekana hata alivyokaa.

Kabla ya kikao grupu lilifanya kazi yake. Ikarushwa klipu ya mhubiri wa Marekani imewekewa sauti ya Kiswahili juu yake, mtafsiri anaongeza na vya kwake kama DJ wa kibanda umiza. Ikarushwa na meseji ndefu kwamba mamilioni ya watoto wamejiunga na kanisa la shetani kwa sababu ya hiki kitabu. Hii ya pili nilicheka peke yangu, maana asili yake ni The Onion, gazeti la utani la Marekani, walitunga habari hiyo mwaka 2000 kuwakejeli haohao waliokuwa wanakiogopa kitabu, watu wakaichukua wakaisambaza kwa barua pepe kama habari ya kweli, na leo miaka ishirini na ushee baadaye madai yaleyale yanatua Dodoma kwa Kiswahili, yameongezewa na mstari wa Biblia.

Sasa hofu ile ina kwao, na huko kwao ina sababu zake. Marekani mahakama yao ya juu ilizuia sala zinazoandaliwa na shule kwenye shule za umma mwaka 1962, na Wakristo wengi wa kiinjili wakabaki na hicho kidonda, kwamba Mungu katolewa darasani. Mwaka 1998 kinaingia nchini kwao kitabu cha watoto kuhusu shule ya uchawi na kinakaa kwenye rafu za maktaba za shule zilezile ambazo sala ilitolewa. Ndo maana vita vyao vingi vilipiganiwa kwenye bodi za elimu na mahakamani. Cedarville, kule Arkansas, waliweka sharti mtoto asikiazime mpaka aje na ruhusa ya mzazi, mahakama ya shirikisho ikaamuru mwaka 2003 virudishwe rafuni. Kaunti ya Gwinnett, Georgia, mzazi mmoja alihangaika mpaka 2007 akashindwa. Alamogordo, New Mexico, kanisa moja lilivichoma moto mwishoni mwa Desemba 2001. Chama cha maktaba cha Marekani kimeuweka mfululizo huo namba moja kwa kulalamikiwa kati ya 2000 na 2009. Ukizisoma hoja zao unaona wanagombania nani mwenye darasa, uchawi wenyewe kwa wengi wao ni kitu cha kwenye Biblia na kwenye sinema, hawajawahi kuzika jirani aliyeuawa kwa kutuhumiwa.

Na kwingine nako kila mahali na lake. Falme za Kiarabu walikizuia Harry Potter mashuleni mwaka 2002. Saudi Arabia mwaka mmoja kabla walipiga marufuku Pokémon, mchezo wa katuni na kadi wa Kijapani, na hapo hakukuwa hata na mchawi, hoja ilikuwa kamari pamoja na alama, ikiwemo nyota ya pembe sita, wakati intifada ya pili, uasi wa Wapalestina, imepamba moto na nyota hiyo popote ikionekana watu wanaona Israeli. Kwa hiyo mtu akija kuniambia Waislamu wanachukia hadithi za ajabu au Wakristo wanachukia hadithi za ajabu namuuliza wapi na mwaka gani.

Turudi kwenye kikao. Jumamosi, chumba cha darasa la saba, ubaoni bado kuna mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo, vumbi la Agosti linaingia dirishani. Alianza mchungaji, mzazi mwenzetu, kanisa lake la kiroho lina vijana wengi. Alikishika kitabu kwa vidole viwili, kwenye kona. Akasoma Kumbukumbu la Torati 18, akaja Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi", kwa sauti ya mimbarini, akasema hiki ni mlango, mtoto akishaufungua kuufunga ni kazi. Wazazi wengi wakaitikia. Sasa mimi huyu mchungaji namheshimu, ila kanisani kwake wanawaonyesha vijana muvi za Kinaijeria zenye wachawi kuliko hao wa Harry Potter, watu wanageuka paka, wanakula nyama za watu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwenye hizo muvi mwishoni anakuja mtumishi wa Mungu, anakemea, mchawi anaanguka chini. Uchawi umejaa lakini mwenye mamlaka ni kanisa. Kwa Harry Potter hakuna mchungaji anayekuja, kuna sikukuu ya Krismasi na pudini ila hakuna anayekemea, mchawi mbaya anashindwa na mchawi mwenzie. Nadhani hilo ndo lilikuwa linamuwasha, na wala halikuwa wazo la kijinga, basi tu hakulisema hivyo.

Akasimama mama mmoja Mkatoliki, mwalimu wa sekondari, akasema gazeti la Vatikani lenyewe, L'Osservatore Romano, mwaka 2009 liliisifia filamu ya sita kwa kuweka wazi mpaka wa wema na ubaya. Ni kweli, ingawa hakutaja kwamba gazeti hilohilo mwaka mmoja nyuma lilichapisha makala mbili zinazopingana, moja inakisema vibaya kitabu, na kwamba kardinali aliyekuja kuwa Papa Benedikto aliwahi kuandika barua 2003 kuonyesha wasiwasi, na mapadri wa Gdańsk, Poland, walivichoma moto 2019 halafu wakaomba radhi. Mchungaji akamjibu Vatikani sio Biblia. Hapo kikao kikaacha kabisa kuongelea kitabu kwa kama robo saa hivi. Anayeishi mitaa ile anajua vijana wa kwaya ya parokia wanahamia kwa mchungaji kila mwaka, basi kilichofuata kilikuwa hicho, Harry Potter kaazimwa tu.

Ustadhi muda wote alikuwa kimya. Ni mzazi pia, anafundisha madrasa jioni. Akaomba apewe kitabu, akavaa miwani, akasoma. Yaani alisoma kweli, kurasa kadhaa, na watu wakasubiri huku wanapitisha karanga. Alipomaliza akasema yeye hana shida na hadithi yenye majini wala wanyama wanaosema, Nabii Suleiman alijengewa na majini, na sisimizi alisema Suleiman akatabasamu kwa kauli yake, hayo yapo kwenye Kurani na watoto wanayapenda. Shida yake ni ile shule. Akaeleza Haruta na Maruta kule Babeli, Suratul Baqara aya ya 102, kwamba hao malaika wawili hawakumfundisha mtu sihiri, yaani uchawi, mpaka wamwambie kwanza, sisi ni mtihani tu, usikufuru. "Hapa mtoto anapewa barua, anaenda, anafundishwa, na hakuna anayemwambia usikufuru." Kwangu ndo hoja iliyokuwa imejengeka kuliko zote za mchana ule, na ndiyo pekee iliyotoka kwa mtu aliyefungua kitabu.

Basi hapo ingekuwa rahisi, Harry Potter anatoka, watu wanakunywa chai. Lakini mzee mmoja Mwanglikana, Mgogo wa Mvumi, familia ya Kanisa toka enzi za wamisionari wa Kianglikana wa CMS, akaona boksi zima linaelekea nje akaamua kuokoa alichoweza. Akasema jamani Narnia tuiache, aliyeandika ni C. S. Lewis, Mwanglikana mwenzetu, mzaliwa wa Belfast, kitabu cha 1950, na yule simba si simba wa hivihivi. Akasimulia vizuri sana, jinsi simba anavyojitoa auawe juu ya meza ya mawe badala ya mtoto msaliti, asubuhi wasichana wanaenda wanakuta yupo hai. "Huyo ni Yesu, ndugu zangu." Mchungaji akasema amina, hata yeye. Wakristo wote wa chumba kile kwa mara ya kwanza wakawa kitu kimoja.

Ustadhi akavua miwani. Akasema, "Mzee, ahsante, umenisaidia sana, maana mimi nilidhani ni simba tu."

Nililiandika hilo neno kwa neno. Akaendelea kwa upole, kwamba yeye mtoto wake kipindi cha dini anakwenda upande wake, na Waislamu hawaamini kwamba Nabii Isa alisulubiwa, sasa kama kwenye klabu ya Kiingereza anasomeshwa kusulubiwa na kufufuka kwa njia ya simba, si ndo kipindi cha dini cha Kikristo hicho kimehamia saa kumi jioni? Mzee wa watu akabaki mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limeshatolewa na Wakristo wenyewe kwa amina.

Hapa ndo penyewe. Filamu ya Narnia ilipotoka 2005 watengenezaji waliipeleka kwa wachungaji wa Marekani waitangaze makanisani, na ikauza, sababu kule mteja mkubwa ni mmoja na ukishamhakikishia simba ni wake umemaliza. Kwenye darasa la Dodoma udhamini huohuo ni mashtaka. Neno linalokisafisha kitabu kwa huyu ndilo linalokichafua kwa yule, na kadiri unavyomtetea simba ndivyo unavyomzamisha. Ukitaka kipite hapa ni bora asitokee mtu wa dini yoyote kukisifia. Harry Potter mwenyewe, kwa taarifa yenu, kitabu cha mwisho cha 2007 kina kaburi limeandikwa maneno ya 1 Wakorintho 15:26, adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti, na mwandishi amesema wazi kwamba alama za Kikristo zimo. Namshukuru Mungu hakuna aliyelijua pale, wangepata sababu ya pili ya kukitoa.

Na huku tukigombana hivyo, watoto walewale muhula uliotangulia walipelekwa ziara Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, ambapo mpaka leo wenyeji wanafanya matambiko. Walielezwa na matambiko yenyewe, wakapiga picha, wazazi tukapandisha mioyo kwenye grupu. Hakuna mchungaji wala ustadhi aliyehoji. Ile iliitwa utalii wa ndani na hakuna dini inayoshindana nayo kugombea waumini mjini.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwangu ndo kiini cha kisa. Mchungaji alipomaliza mstari wake wa Kutoka kuna mama alinyoosha mkono, akapitwa, akanyoosha tena baadaye sana watu wameshachoka. Mama wa Shinyanga, mtumishi wa serikali, mpole. Akasema, "Mchungaji, huo mstari kwetu hauhitaji kuhubiriwa, unatekelezwa tayari, na wanaoutekeleza wengi hawajui hata kama upo kwenye Biblia." Akasema mama yake mkubwa alikatwa mapanga usiku, bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, na kwamba ukoo wote ulishasemwa kabla, kwa kuwa mama yake naye alikuwa anasemwa. Halafu akasema kinachomtisha kwenye kitabu. Sio mapepo. Ni kwamba mwanae amemsimulia kuwa mtu anazaliwa nao, upo kwenye damu, unarithiwa. "Hilo ndo wanalosema wale wauaji."

Kimya kidogo. Kisha baba mmoja akasema hayo ni mambo ya Usukumani, huku hayapo. Nikatamani niache kalamu. Singida hapo jirani miaka ya 1940 watu waliuawa kwa wingi ikisemwa ni simba-watu, yaani watu waliogeuzwa simba, serikali ya mkoloni ikakamata washtakiwa na kuwafikisha mahakamani. Sheria ya uchawi tuliyonayo ilianza 1928. Januari 2015 serikali ilitangaza kuzuia waganga wapiga ramli kwa ajili ya mauaji ya watu wenye ualbino. Hakuna mkoa wa nchi hii wa kusema huku hayapo, na bibi aliyekiona kijiti cha mwarobaini alikuwa anaogopea kitu hichohicho, kwamba majirani wakimwona mjukuu watasema kafundishwa na nani, na bibi mgeni nyumbani ni nani.

Tena ndo hoja pekee ambayo kitabu chenyewe kingeweza kujibizana nayo. Harry anaanza kama mtoto anayefichwa kwenye kabati la chini ya ngazi na mama yake mkubwa, kwa sababu familia inaogopa alichozaliwa nacho na majirani watasema nini. Ni habari ya mtoto anayetuhumiwa ndani ya ukoo wake. Wabaya wa hadithi ni wale wanaopima watu kwa damu, na yule msichana anayeongoza darasani wazazi wake ni madaktari wa meno wasio na uchawi wowote. Mwalimu angeweza kumsomea yule mama kurasa za kwanza tu wakaongea. Asingemmaliza wasiwasi, kwa sababu ni kweli humo ndani mtu anazaliwa nao, hilo mwandishi hajalikwepa, na msomaji wa London analiona kama kipaji cha kuzaliwa tu wakati msomaji wa Shinyanga anasikia tuhuma. Lakini yangekuwa ndo mazungumzo ya maana pekee ya siku ile. Mchungaji hakuwa na faida nayo, ustadhi hayakuwa ya upande wake, mwalimu Mkatoliki alikuwa bado ana hasira za Vatikani. Mama hakuwa amesimama kwa niaba ya dini yoyote, kwa hiyo hakukuwa na upande wa kumjibu.

Mkuu wa shule akatoka nje kupiga simu kwa mwenye shule, akarudi na uamuzi: Harry Potter vinatoka, Narnia inatoka, "kwa kulinda uwiano". Neno uwiano lilipokelewa kwa makofi. Mzee wa Mvumi hakupiga. Vitabu vya wanyama vimebaki, kimojawapo kina mchawi anayepanda fisi usiku, na hakuna aliyekiuliza. Mwalimu wa Kiingereza aliambiwa alete orodha ya vitabu vingine, akaleta, ina nafasi mbili za saini, ya mchungaji na ya ustadhi, mpaka sasa haijasainiwa kwa sababu ustadhi anataka asome kwanza na mchungaji anataka ustadhi aanze. Klabu inasoma kwa sauti kitabu cha Sayansi cha darasa la sita. Harry Potter watoto wanaangalia kwenye simu za dada wa kazi.

Hoja ya mama wa Shinyanga mwenyekiti alisema iwekwe kwenye mengineyo. Ipo kwenye muhtasari, namba mbili, baada ya tenki la maji linalovuja. Tenki limeshatengenezwa.